Tableti kama skrini ya pili: kuhariri video Kisumu, stima iwepo isiwepo

Usiku wa kuamkia mazishi, kule Bondo, mzee mmoja alisimama nyuma ya kiti changu akanigusa bega. "Kijana, hapo umemgeuza dada yangu mwanamume." Kwenye video ya marehemu niliyokuwa nikihariri, nilikuwa nimeandika Otieno mahali pa Atieno. Kwa msomaji asiye wa huku: majina mengi ya Kijaluo huanza na O kwa mwanamume na A kwa mwanamke, kwa hiyo kidole kikiteleza herufi moja, marehemu anazikwa na jina la kaka yake.

Kosa lile lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu kama saa nzima. Sikuliona kwa sababu kwenye laptopu yangu ya inchi 14 taimulaini (ule mstari wa muda wa kupangia klipu), klipu, mixa ya sauti na vibonyezo vya rangi vilikuwa vimebanana, na dirisha la picha lenyewe limebaki dogo kama stempu. Mzee aliliona upesi kwa sababu picha nzima ilikuwa kwenye tableti iliyosimama pembeni. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ya kazi hii, na mwongozo huu wote unaizunguka: tableti ni ya kusoma, laptopu ni ya kuamua. Majina, orodha ya klipu, grafu za rangi na mixa vinasomwa, kwa hiyo vinaweza kwenda kwenye tableti. Kukata, kuoanisha sauti na midomo, na kuchagua rangi ya ngozi ya bibi harusi ni maamuzi, nayo hayaondoki kwenye laptopu.

Kwa nini usinunue monita tu?

Kama una studio isiyohama, meza ni ile ile na umeme wako ni wa kuaminika, nunua monita. Za mitumba zinapatikana mjini Kisumu, na hata ya zamani ya inchi 22 itakupa nafasi kubwa kuliko tableti yoyote. Sina ubishi hapo.

Lakini monita haina betri. Stima ikipotea, laptopu inaendelea na monita inazima, na madirisha yaliyokuwa juu yake yanakurukia yote kwa pamoja kwenye skrini moja. Tableti haijui kwamba stima imepotea. Tena huwezi kupanda boda hadi Nyamonye na monita mapajani, ilhali tableti inaingia kwenye mfuko ule ule wa laptopu. Na wengi wetu tunayo tayari nyumbani, watoto wakiitumia kwa katuni. Kwa anayeanza, hiyo ni skrini ya pili isiyohitaji kununuliwa.

Kwanza jua uko kwenye njia gani

Kabla ya kupakua chochote, angalia ulicho nacho. Njia ziko chache na hazichanganyiki.

Ukiwa na Mac na iPad, kazi ni fupi. Kuna kitu kinaitwa Sidecar, kilichokuja mwaka 2019 pamoja na macOS Catalina na iPadOS 13. Vifaa vyote viwili viwe vimeingia kwa akaunti moja ya Apple yenye uthibitisho wa hatua mbili, Wi-Fi na Bluetooth ziwe zimewashwa, na umbali usizidi mita 10. Unaweza pia kuchomeka kebo, nami nakushauri uchomeke. Kwenye Mac fungua mipangilio ya skrini, ongeza iPad, basi. Kidole hakibonyezi vitu vya Mac kwenye iPad. Unaweza kusogeza kurasa kwa vidole viwili, lakini kubonyeza kunahitaji Apple Pencil au kipanya cha laptopu. Pia iPad ikiwa inagawa intaneti yake ya laini kwa vifaa vingine, Sidecar haitakubali. Mwenye njia hii aruke hadi sehemu ya kupanga madirisha.

Ukiwa na laptopu ya Windows na tableti ya Samsung ya daraja la juu, yaani Galaxy Tab S7 na zilizofuata, angalia kwenye paneli ya juu ya tableti kama kuna kitufe cha "Second screen". Kiwashe, kisha kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, uchague jina la tableti. Hakuna cha kupakua. Picha inapita hewani kwa Wi-Fi, hivyo ubora wake utategemea kadi ya Wi-Fi ya laptopu yako.

Njia ya tatu ndiyo ya wengi wetu: Windows na tableti yoyote ya Android ya kawaida. Hapa utahitaji programu mbili zinazoongea, moja kwenye laptopu na nyingine kwenye tableti. Mimi natumia spacedesk. Ni bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Ukishaanza kulipwa kwa video za harusi wewe ni biashara, kwa hiyo nunua leseni, uiweke kwenye hesabu ya kazi kama unavyoweka nauli na betri za kamera. Zipo nyingine pia, kama Duet Display na SuperDisplay, nazo hufanya kazi kwa wazo lile lile.

Kuna njia ya nne, ya HDMI, ile kebo ya picha ya TV na monita, nitaigusa mwishoni. Lakini nikuokoe hela sasa hivi: usinunue kebo ya USB-C kwenda HDMI ukidhani utachomeka upande mmoja kwenye laptopu na mwingine kwenye tableti, picha iingie. Kebo hizo hutoa picha kutoka kwenye tableti, haziingizi. Tableti zenye tundu la kupokea HDMI ni chache sana. Lenovo Yoga Tab 13 ni mojawapo, na huenda hujawahi kuiona Kisumu.

Hatua ya 1: Ijaribu kebo yako

Nilipoteza jioni nzima kwa sababu ya kebo. Niliinunua barabarani, ina rangi nzuri, inachaji tableti bila shida, na laptopu haikuona kitu. Kebo nyingi za bei rahisi zina waya za umeme tu, zile za data hazimo. Kuijaribu ni rahisi: chomeka tableti kwenye laptopu, shusha paneli ya arifa, uchague kuhamisha mafaili. Kama laptopu haionyeshi hifadhi ya tableti, hiyo ni kebo ya kuchaji, iache kando ya kitanda. Huhitaji kebo ya kasi ya ajabu. USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa picha iliyobanwa.

Hatua ya 2: Sakinisha mjini, si kijijini

Pakua programu zote mbili ukiwa mahali penye intaneti ya kueleweka, uanzishe laptopu upya, ujaribu kila kitu mezani kwako kabla ya siku ya kazi. Spacedesk inaongeza dereva ya skrini kwenye Windows, yaani programu ndogo ya kuendesha skrini ya ziada, na dereva mpya haifai kujaribiwa kwa mara ya kwanza ndani ya hema, jamaa wa marehemu wakiwa wamekuzunguka.

Windows ikiuliza kuhusu ulinzi wa mtandao, ruhusu programu ipite kwenye mitandao ya binafsi. Halafu hakikisha mtandao unaoutumia umewekwa kama wa binafsi, "Private", si wa umma. Nimeitwa na vijana wawili watatu wakilalamika kwamba tableti haiioni laptopu, na kila mara jibu lilikuwa hapo.

Hatua ya 3: Unganisha, kwa kebo ukiweza

Kwenye laptopu fungua dirisha la spacedesk, uende sehemu ya mawasiliano, uwashe njia ya kebo ya USB kwa Android. Kwenye tableti fungua programu, chagua kuunganisha kwa USB, ukubali ruhusa inayoulizwa. Skrini ya laptopu itapepesa mara moja, giza, kisha mwanga, na tableti itaonyesha picha ya nyuma ya Windows. Hapo umefika.

Kebo ikikataa kwa njia hiyo kuna ujanja wa zamani: kwenye tableti washa "USB tethering", yaani kugawa intaneti kwa kebo. Kebo sasa inageuka mtandao mdogo kati ya vifaa viwili, na spacedesk inapita humo kana kwamba ni Wi-Fi, ila kwa utulivu zaidi.

Ujanja huo una meno. Mara ya kwanza nilipoutumia, tableti ilikuwa na laini yenye bando la wiki. Laptopu ikaona intaneti, ikafurahi, ikaanza kujipakulia masasisho iliyokuwa imeyakosa kwa miezi. Nilipokuja kuangalia, bando lilikuwa limeisha na sikuwa nimemaliza hata utangulizi wa video. Kosa langu mwenyewe. Sasa nazima data ya tableti kabla ya kuchomeka, na kwenye Windows naweka mtandao huo kuwa wa kupimwa, kitufe chake kinaitwa "Metered connection". Fanya yote mawili.

Wi-Fi nayo inafaa pale kebo ingekuwa kero, kwa mfano mteja akitaka kushika tableti mkononi. Usitegemee Wi-Fi ya hoteli. Mitandao mingi ya wageni huzuia vifaa visionane hata vikiwa meza moja. Badala yake washa hotspoti ya simu yako, uunganishe laptopu na tableti zote mbili humo, halafu uzime data ya simu. Picha inazunguka kati ya vifaa vyako tu, haigusi bando hata kidogo. Kama simu inakuruhusu kuchagua masafa, chagua gigahezi 5. Zile 2.4 zina msongamano wa Bluetooth na hotspoti za wageni wote walioalikwa.

Tableti isipoiona laptopu yenyewe, andika anwani ya laptopu kwa mkono. Utaipata kwa kufungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika ipconfig. Ni zile namba zinazoanza mara nyingi na 192.168.

Hatua ya 4: Panua, usirudie

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Extend". Ukiacha "Duplicate" tableti itakuwa kioo cha laptopu, hujapata nafasi yoyote.

Kisha bonyeza kulia kwenye eneo tupu la skrini, ufungue mipangilio ya skrini. Utaona mistatili miwili yenye namba. Iburute ikae kama vifaa vilivyokaa mezani: tableti ikiwa kushoto kwako, mstatili wake uwe kushoto. Usipofanya hivyo kipanya kitagonga ukuta pale unapotegemea kipite, na mkono utakasirika siku nzima. Linganisha pia kingo za juu. Hakikisha laptopu ndiyo skrini kuu.

Ukubwa wa picha kwenye tableti usiwe wa kujionyesha. 1920 kwa 1080 ni vitone milioni 2 na ushei, na vyote vinabanwa na laptopu yako, vinasafirishwa, vinafunguliwa upande wa pili, mara nyingi kwa sekunde. 1280 kwa 720 ni chini ya nusu ya hapo. Kwa kebo na laptopu yenye nguvu, weka 1080. Kwa Wi-Fi, au laptopu ya RAM ya GB 8 kama yangu ya zamani, anza na 720. Maandishi yakiwa madogo mno, ongeza ukuzaji hadi asilimia 125 au 150, kwa skrini ya tableti pekee.

Hatua ya 5: Panga madirisha

Hapa ndipo watu hukosea. Karibu kila mtu, mara ya kwanza, huhamishia picha kubwa kwenye tableti na kuacha kila kitu kingine kwenye laptopu, kwa kuwa inapendeza. Baada ya dakika kumi anaanza kukata kwa kutazama tableti. Tableti inachelewa. Video yetu ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, inaipa kila fremu milisekunde 40. Picha ikichelewa milisekunde 100 tu, tayari uko fremu mbili na nusu nyuma ya sauti inayotoka kwenye laptopu. Utaona mdomo wa mchungaji haufuati maneno, utasogeza sauti ili uurekebishe, na umeharibu kitu kilichokuwa sawa.

Pima kwanza. Chukua klipu ambayo mtu anapiga makofi mara moja, uicheze, picha ikiwa kwenye skrini zote mbili. Jicho litakuambia tableti inachelewa kiasi gani. Ukishaona kwa macho yako, hutashawishika tena.

Mpangilio wangu ni huu. Laptopu: picha na taimulaini. Tableti: orodha ya klipu, dirisha la athari (effects), mixa ya sauti, na hati ya majina ninayopewa na familia. Hiyo ya mwisho ni ndogo lakini imeniokoa mara nyingi. Karatasi ya programu ya mazishi naipiga picha, naiweka wazi kwenye tableti, nanakili majina herufi kwa herufi. Achieng' na Ochieng' zina kikoma cha juu mwishoni. Jaribu fonti yako kama inakionyesha vizuri kabla hujaandika majina arobaini ya wajukuu.

Sasa programu za kuhariri, moja moja. Kwenye Premiere Pro, shika kichwa cha paneli, uitoe iwe dirisha huru, uiburute hadi kwenye tableti. Ukimaliza kupanga, nenda "Window", kisha "Workspaces", uhifadhi mpangilio kwa jina jipya. Mimi nina miwili, mmoja naita "mezani" na mwingine "safari" wa skrini moja, ili tableti isipokuwepo nisianze kutafuta paneli zilizopotea. Ukitaka picha tupu isiyo na vibonyezo ijaze tableti kwa ajili ya mteja, ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya "Playback", uwashe Mercury Transmit, uweke alama kwenye skrini ya tableti.

DaVinci Resolve haikupi uhuru huo. Paneli zake zimeshonwa mahali pake. Kuna "Dual Screen" kwenye menyu ya "Workspace", nayo hugawa kazi kwenye skrini mbili kwa mpangilio wake yenyewe. Kwenye tableti ya inchi 10 vibonyezo vinabanana, na mimi siitumii. Badala yake nabonyeza Ctrl, Shift na W, zile grafu za rangi zinafunguka kama dirisha huru, nazipeleka kwenye tableti. Huu ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote, na sababu yake inafaa kuelezwa. Tableti inadanganya rangi, lakini grafu ni mistari. Inachorwa na laptopu kutokana na picha halisi. Hata tableti ikiwa ya manjano kama papai, mstari ukisema weupe wa gauni umevuka kikomo, umevuka.

Final Cut Pro ni rahisi: menyu ya "Window", chagua kuonyesha kwenye skrini ya pili, halafu uamue kama ni orodha ya klipu, picha au taimulaini. Peleka orodha ya klipu.

Hatua ya 6: Tuliza tableti yenyewe

Zima mwanga unaojirekebisha, zima kinga ya macho ya usiku, na kwenye iPad zima True Tone na Night Shift. Weka muda wa skrini kulala uwe mrefu. Washa hali ya kutosumbuliwa, maana hakuna aibu kama ujumbe wa mkopo kushuka juu ya picha ya bibi harusi mama mkwe akitazama.

Isimamishe vizuri. Kishikio changu ni cha mbao. Fundi wa soko la Kibuye alinichongea nikiwa nimesimama hapo, mfereji wa kuweka tableti na tundu la kebo chini yake. Makali ya juu ya tableti yalingane na ya laptopu, ili shingo igeuke bila kuinama. Usiiweke juani. Jua la mchana la Kisumu linaweza kuipasha tableti joto mpaka ipunguze mwanga wake kujilinda. Ukihariri usiku karibu na ziwa, upande wa Dunga, utagundua kwamba wadudu wa ziwani huifuata skrini iliyo angavu zaidi. Mimi naacha tableti iwe angavu kidogo kuliko laptopu, waende huko.

Kuhusu chaji: tundu la kawaida la USB 2.0 la laptopu hutoa miliampea 500, na tableti inayoonyesha picha mfululizo hula zaidi ya hapo. Itapungua polepole hata ikiwa imechomekwa. Wakati huohuo inanyonya betri ya laptopu, jambo baya siku stima haipo. Jaza tableti hadi asilimia 100 kabla ya kuondoka, na ukipata tundu la ukuta, chomeka laptopu kwanza. Mvua ya radi ya alasiri ikianza kunguruma, chomoa chaja zote ukutani uendelee kwa betri. Skrini zako zote mbili zina betri.

Hatua ya 7: Mteja anapokaa

Tofauti na mhariri wa studio, sisi wa huku mara nyingi tunahariri mteja akiwa ameketi hapohapo. Mpe tableti. Akiiona picha nzima mbele yake haegemei bega lako na haguswi na hamu ya kuonyesha kwa kidole kwenye laptopu. Mwambie mapema, kwa heshima: "Mama, hapo tazama majina na mpangilio wa picha. Rangi itakuwa tofauti kidogo na video yenyewe." Usipomwambia, atakaa dakika ishirini akilalamika kwamba sare za kwaya hazikuwa za rangi hiyo, na atakuwa sahihi.

Kwa wazee, ongeza kitu kimoja: simamisha video kwenye kila jina, usubiri. Usiicheze moja kwa moja. Mtu anayemsoma marehemu wake hasomi haraka.

Njia ya HDMI

Mwenye iPad yenye tundu la USB-C na iPadOS 17 au zaidi anaweza kutumia kidude kidogo cha kunasa HDMI, kile wanachotumia wanaorusha ibada moja kwa moja. Laptopu inatoa HDMI, kidude kinaigeuza kuwa kama kamera, iPad inaionyesha kupitia programu kama Orion. Tableti nyingi za Android nazo hukubali, kwa programu za kamera za USB. Uzuri wake ni kwamba laptopu inadhani imechomekewa monita ya kweli, haihangaiki kubana picha. Ubaya ni kwamba tundu pekee la tableti limekaliwa, hivyo huwezi kuchaji. Vidude vya bei rahisi vimeandikwa 4K kwenye boksi, lakini kinachotoka mara nyingi ni 1080 kwa fremu 30. Soma maandishi madogo. iPad za tundu la Lightning hazihusiki hapa.

Mambo yakienda mrama

Picha inakwamakwama kwenye skrini zote mbili: laptopu imelemewa. Punguza ubora wa kuchezea hadi nusu au robo, au tengeneza proksi za 720, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria, kisha shusha ukubwa wa skrini ya tableti. Ikikwama kwenye tableti peke yake, tatizo ni njia. Rudi kwenye kebo.

Sauti imetoweka: angalia kama Windows imeihamishia kwenye tableti. Irudishe kwenye laptopu, na utumie vipokea sauti vya waya. Vya Bluetooth navyo vinachelewa, na sasa una ucheleweshaji wa aina mbili usiojua upi ni upi.

Wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, tenganisha tableti kabisa. Laptopu isiyo na skrini ya ziada ya kuibania picha inaweka nguvu zake zote kwenye faili la mwisho, na mimi huwa natumia nafasi hiyo kurudishia tableti chaji.

Na kebo ikichomoka ghafla, mtoto akikimbia chini ya meza, dirisha likabaki kwenye skrini ambayo haipo tena: libonyeze kwenye upau wa chini ili liwe ndilo linalotumika, halafu shika kitufe cha Windows na Shift, ugonge mshale wa kulia au kushoto mpaka lirudi. Likikaidi, Windows na P, uchague skrini ya kompyuta pekee. Likirudi, hifadhi kazi kabla ya kumkemea mtoto.